Dadu Iliyoegemea Michongoma

Halifax, 12 Januari 2015

Kwako shemeji Leslie,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima huko Whitby na upepo wa bahari haujakung'olea paa. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Simu sikupiga kwa sababu ungeikata, na barua haikatiki. Mara ya mwisho tulionana siku tuliyomzika Enid, dada yako na mke wangu, wewe ukiwa upande huu wa kaburi nami upande ule, tukapeana mkono kama watu wa bima. Tangu hapo miaka mitatu. Na tangu tugombane, kumi na moja.

Nina jambo. Maonyesho ya askari wadogo wa kuchezea ya Brighouse yatakuwa Jumapili tarehe 19 Aprili, katika ukumbi uleule wa michezo unaonuka viatu. Klabu imepewa meza ya futi kumi na mbili, pale mlangoni, na Mavis anataka tucheze vita vya Marston vya mwaka 1644, Bunge dhidi ya Mfalme. Unakumbuka Mavis, katibu wetu. Bado anavaa ile sweta. Nikamwambia jeshi la Bunge ninalo lote, halijapungua hata farasi. La Mfalme analo mtu mmoja tu, naye yuko Whitby amenuna.

Juzi nilipanda darini nikakuta sanduku la michongoma ya Enid, ile ya kupanga mezani. Haijaharibika.

Njoo, Leslie.

Shemeji yako,
Gordon


Whitby, 26 Januari 2015

Shemeji Gordon,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima wa afya na paa lipo. Pole na goti.

Sijanuna. Nasubiri. Ni vitu viwili tofauti, ila wewe tangu zamani hujui kutofautisha. Mwaka 2004, raundi ya mwisho, kikosi changu cha Makoti Meupe kimezingirwa pande tatu, nahitaji sita kwenye dadu ili wasimame wasivunjike. Nikarusha, ikaja sita. Wewe ukasema, "Imeegemea, rusha tena." Nikasema imelala. Ukasema imeegemea michongoma, na dadu iliyoegemea haihesabiwi. Mbele ya klabu nzima. Mavis alikuwa ameenda kufuata chai, Enid akasema hakuona, na mimi nikakuita mwongo, nikawarudisha askari wangu kwenye kopo la biskuti, nikaondoka chai ikiwa ya moto.

Sema kwamba dadu ililala, nami nitapanda treni.

Nisalimie Mavis na sweta.

Shemeji yako,
Leslie


Halifax, 9 Februari 2015

Shemeji,

Salaam. Huku theluji imeanguka na kuyeyuka mara mbili wiki hii. Wewe waonaje huko?

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilitaka kuandika kwamba ililala, kalamu ikakataa. Iliegemea, Leslie. Upande mmoja ulikuwa umepanda kwenye yale majani ya chai ya michongoma. Ningeweza kukudanganya ili uje, na Mungu anajua nataka uje, lakini tangu tuanze kucheza jikoni kwa mama yenu mwaka 1971 sijawahi kuisema dadu vingine, iwe yako au yangu. Nikianza leo nitakuwa nimekubali lile jina uliloniita.

Nikuambie jambo jingine badala yake. Unakumbuka Enid alivyoitengeneza ile michongoma? Madodoki ya kusugulia masufuria, ameyakata vipande, ameyapaka gundi, kisha akanyunyiza majani ya chai aliyoyakausha dirishani. Mwezi mzima hatukuwa na dodoki hata moja na nyumba ilinuka chai iliyokufa. Nikamuuliza, "Unajisumbua nini, na huu mchezo wenyewe huupendi?" Akasema, "Nyinyi wawili mnahitaji kitu cha kuwatenganisha." Nilicheka siku hiyo. Sasa sicheki.

Kila Agosti alikuja kwako siku tatu na kurudi na samaki. Hakuniambia hata mara moja mlichozungumza. Nami sikuuliza, kwa ujinga.

Kuna kijana wa Leeds amejitolea kuleta jeshi lake la Mfalme. Nimemwambia asubiri kidogo.

Shemeji yako,
Gordon


Whitby, 30 Machi 2015

Shemeji Gordon,

Habari za siku nyingi. Samahani kwa kukaa kimya, na samahani kwa mistari inayopanda na kushuka. Utaelewa.

Sikuwa mzima nilipokuandikia kwamba ni mzima. Tangu mwaka juzi nina doa katikati ya kila jicho. Pembeni naona, nikiangalia kitu chenyewe kinatoweka. Hospitali wamesema halitanipofusha kabisa, ila halitaondoka na litaongezeka. Barua zako nazisoma kwa kioo cha kukuzia, neno moja moja, kichwa nimekigeuza kama kuku. Ya Februari ilinichukua siku mbili. Nilifika pale kwenye majani ya chai nikaahirisha mpaka kesho yake.

Nilikuwa napaka rangi kikosi kipya cha Makoti Meupe, askari kumi na wawili. Sita wamekamilika. Wa saba nilimpaka uso kwenye kofia, nikaosha brashi, nikaziweka zote kabatini. Miaka arobaini na nne, shemeji, na imekwisha hivyo, Jumanne moja baada ya chai. Sijamwambia mtu.

Nataka kucheza Marston mara moja tena kabla doa halijameza meza yote. Kusogeza askari naweza kwa mikono. Nitaleta zile dadu za mfupa za baba, ndizo zinazonikaa mkononi. Ila kuzisoma siwezi. Na unajua desturi yetu: dadu inasomwa na aliyerusha, mwenzake haigusi. Mimi nitahitaji mwenzangu anisomee kila mrusho, mbele ya watu, mchana kutwa, na nimwamini.

Nimefikiria nani naweza kumwamini kwa kazi hiyo. Nimewafikiria wote. Nimebaki na yuleyule niliyemwita mwongo. Aibu naiona, hiyo haihitaji macho.

Usipojibu nitaelewa.

Shemeji yako,
Leslie


Halifax, 1 Aprili 2015

SHEMEJI,

NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA KAMA TANGAZO LA MNADA ILI USIGEUKE KUKU.

NITAKUSOMEA. KILA MOJA.

NJOO JUMAMOSI TAREHE 18. NITAKUWA STESHENI HALIFAX TANGU SAA TISA NA NUSU, NIMEVAA KOTI JEKUNDU LA ENID LA MVUA UNIONE KWA PEMBENI. KITANDA CHA CHUMBA KIDOGO KIMETANDIKWA. LETA NA WALE SITA AMBAO HAWAJAKAMILIKA, WASIMAME NYUMA KABISA.

KIJANA WA LEEDS NIMEMSHUKURU.

SHEMEJI YAKO,
GORDON


Halifax, 20 Aprili 2015

Shemeji mpendwa,

Natumaini ulifika salama na jirani yako alikupokea kama alivyoahidi. Herufi ni kubwa lakini nimeacha kupiga kelele. Jana nilipiga za kutosha.

Uliponishika mkono dirishani mwa treni ulisema, "Niandikie ilivyoonekana." Basi ilionekana hivi. Nje mvua, ndani watu mia tatu na makoti yaliyolowa, kila mmoja amebeba mfuko anaodai si mkubwa. Meza ishirini na tano. Jirani zetu wa kushoto walikuwa na jangwa zima la mchanga na vifaru, wa kulia meli kwenye bahari ya barafu. Kwenye meza ya vitu vilivyotumika, wazee wazima walisukumana kwa viwiko huku wakiombana radhi. Lakini pale mlangoni, kitu cha kwanza mtu alichoona ni michongoma ya dada yako, futi kumi na mbili kutoka ukingo hadi ukingo, na mtaro pembeni yake.

Yule mama wa Hull aliyesimama muda mrefu, uliyeniuliza alikuwa nani, hakuangalia askari hata mmoja. Aliinama kwenye michongoma akaninong'oneza, "Haya ni majani ya chai?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Aliyefanya hivi alikuwa na subira." Ndipo nilipokuambia naenda kununua mikate ya bekoni.

Makoti Meupe yako ndiyo yaliyopigwa picha zaidi. Mtu wa Keighley akasema, "Mbona nyeupe yao si nyeupe?" Ukamgeukia upande ambao hakuwepo, ukamwambia, "Ni sufu ambayo haikutiwa rangi, bwana, si chokaa ya choo." Watu walicheka mpaka wa vifaru wakaja kuangalia.

Mrusho wa mwisho unaujua. Raundi ileile, kikosi kilekile, kimezingirwa pande tatu. Ulihitaji sita. Ukaitikisa dadu ya mzee wako muda mrefu, ikaruka michongoma ikaangukia upande wangu. Mavis akainama, akakohoa. Nikasoma: sita. Makoti Meupe wakasimama kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1644, ukumbi ukapiga makofi, na wewe ukaiokota dadu yako bila neno. Nikadhani umechoka.

Kopo la biskuti umelisahau kwenye gari langu, na jeshi zima la Mfalme limo ndani. Sina hakika kama umelisahau.

Ilikuwa siku njema, Leslie. Nilipofika nyumbani nilikaa garini kidogo, sikutaka iishe.

Shemeji yako,
Gordon


Whitby, 27 Aprili 2015

Shemeji wangu Gordon,

Nilifika salama, na afya si mbaya. Kopo sikulisahau. Askari wasiotazamwa hupata vumbi, na kwako watatazamwa.

Sasa sikiliza, maana hili nimeliandika mara tatu na kulichana. Dadu za baba zimechongwa vishimo. Doa haliko kwenye vidole. Kabla ya kuiokota niliiwekea kidole juu, mazoea tu, na kidole kikakuta vishimo viwili. Viwili, Gordon, si sita. Na Mavis hana kikohozi, hajawahi kuwa nacho.

Kikosi kilikuwa kimekwisha, nami nilijua. Nikasimama pale watu wakinipigia makofi, nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu niliisikia sauti yako uliposema sita. Ilitetemeka kama ya mtoto anayeiba sukari. Nikafikiri, huyu mtu hakuweza kuniandikia uongo mmoja mdogo Februari ili nije, leo kausema mbele ya watu mia tatu.

Na ile ya mwaka 2004 iliegemea. Nililijua hilo usiku uleule, kabla sijafika nyumbani. Enid naye alijua. Kila Agosti aliniuliza kama nimeshachoka, nami kila Agosti nikampa samaki. Miaka kumi na moja nilikuita mwongo ukiwa umesema kweli, na siku uliyosema uongo nikapokea makofi.

Nisamehe, shemeji. Kwa yote mawili. Na unajua la kufanya: Makoti Meupe waondolewe mezani. Walishindwa.

Shemeji yako,
Leslie


Halifax, 29 Aprili 2015

Shemeji,

Salaam. Goti linasema mvua kesho. Ya kusamehe nilishayasamehe nilipokuona ukishuka treni na lile kopo kifuani.

Vishimo viwili, sikatai. Lakini kidole chako kilisoma juu tu, hakikushika chini. Mimi nilikuwa upande huo na macho yangu bado ni mazima. Dadu ilikuwa imepanda kwenye majani ya chai. Iliegemea michongoma ya Enid, Leslie, na wewe mwenyewe sasa unakiri kwamba dadu iliyoegemea haihesabiwi.

Nimeupanga uwanja tena juu ya meza ya kulia chakula, kila mtu pale alipokuwa. Makoti Meupe bado wamezingirwa pande tatu. Wale sita wa nyuma nimeanza kuwapaka. Unikemee ukiona nyeupe yangu ni ya choo. Mimi sasa nakula jikoni, nimesimama, na goti halipendi.

Njoo na dadu. Unarusha tena.

Ndugu yako,
Gordon