Waya wa mshale wa joto

Shoga, niko gereji, nalia mbele za mafundi bila aibu.

Gari la marehemu baba limechemsha mpaka likazima. Mshale wa joto? Umelala tuli, eti injini ni ya baridi!

Fundi wake wa siku zote kafuata waya wa mshale. Umechomolewa! Ncha imefungwa plasta nyeupe ya hospitali.

Nikafoka, "Nani kafanya ujinga huu?"

Akanijibu taratibu, "Mzee mwenyewe, dada. Alisema mama yenu akiona mshale umepanda, hali wala halali."

Mwenyewe, shoga! Kachomoa mwenyewe!

Na plasta ni ileile aliyokuwa anarudi nayo mkononi kila akitoka kuchomwa sindano. Tukimuuliza anasema, "Kipimo tu, niko sawa."

Nasi tukaamini.