Mfamasia wa Kwenye Picha

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Barua imefika. Imeletwa na mtu wa kaunti, nikasaini kitabu chake, akaenda zake duka la pili.

Agizo jipya. Mfamasia ambaye jina lake liko kwenye leseni lazima awepo dukani mwenyewe, saa zote dawa zinapouzwa. Si kwa simu. Si kwa niaba. Wakaguzi watapita Malindi yote kabla mwezi haujaisha. Asipokuwepo, duka linafungwa siku hiyo hiyo na aliyekutwa akiuza anashtakiwa.

Aliyekutwa akiuza ni mimi! Mimi Kasiva, na diploma yangu tu, isiyonifanya mfamasia.

Leseni yetu iko ukutani nyuma ya kaunta, ndani ya fremu, na picha yake juu: Abdurahman, mfamasia. Kofia nyeupe, miwani, ndevu zimechongwa vizuri. Nina miezi kumi na minne hapa na sijawahi kumtia machoni. Siku naajiriwa Mzee Sufyan, mwenye duka, aliniambia yuko Maskati, huja mara moja moja. Sikudadisi. Nilitaka kazi.

Nimemsomea mzee barua. Ameisikiliza kasimama. Akasema, "Atakuja, mwanangu. Usijitie hofu."

Kisha akatoka, kahawa yake kaiacha mezani. Sijapata kumwona akiacha kahawa.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua asubuhi, mchana jua la kuchoma. Mwalimu mmoja wa Tezo kaja kuchukua dawa za presha. Akaangaza huku na huku. Yule daktari mwingine leo hayupo?

Nikamwambia hapa niko peke yangu.

Hapana — yule wa miwani, anayemfanya mtu arudie maneno. "Mwezi uliopita alinisimamisha hapa hapa. Akaniambia, rudia nilivyokwambia. Nikarudia mara mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza!"

Nikasema labda ni duka jingine. Maduka ya dawa ni mengi mtaa huu. Akanyoosha kidole juu ya bega langu, kwenye picha.

"Huyu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 7 Novemba



Mama Kahonzi kaja kutoka Marereni. Anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, nyayo zake zimepasukapasuka. Mjukuu wake Kalume, miaka miwili, ana kifafa. Dawa yake ya maji haipatikani kwao. Sisi tunayo. Kila mwezi anaifuata huku na chupa ya zamani ndani ya mfuko, kwa sababu hajui kusoma na anataka nione ni ile ile.

Leo nimeitazama ile chupa. Lebo ni yangu, mwandiko ni wangu. Nimeandika: mililita 25, asubuhi na jioni.

Ishirini na tano!

Ni mbili na nusu. Ni 2.5! Niliruka nukta. Mtoto wa miaka miwili — angelala asiamke. 

Lakini ile 25 imekatwa. Mstari mmoja, umenyooka. Juu yake 2.5, kwa wino wa bluu, mwandiko mdogo uliolala. Pembeni sahihi fupi.

Nikamuuliza mama, nani kaandika hapa?

"Si yule daktari wenu mkubwa? Alinifuata mpaka pale nje kwenye jua. Akanichukulia chupa mkononi, akaandika. Akaniambia, mama, nusu ya kijiko, usizidishe. Kisha akataka nirudie."

Mimi nilikuwa wapi?

"Ulikuwa umeinama hapo unaandika. Alipita nyuma yako."

Kalume yuko vipi? Anakimbiza kuku, kasema. Mwezi mzima hajaanguka.

Nimemjazia chupa nyingine. Nimeandika lebo. Nimeisoma mara nne. Nimemwambia arudie.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemkabili Mzee Sufyan. Shikamoo, marahaba, kisha nikamwekea lebo mezani. Nilikuwa nimeibandua ile siku nikabaki nayo. Mzee, kuna mtu unamleta hapa bila mimi kujua?

Akaitazama kwa muda. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuigusa lebo.

"Hakuna ninayemleta."

Basi huu mwandiko wa nani?

"Kasiva, mambo mengine ukiyauliza itakubidi uyajue."

Ameniambia mpango wake. Siku ya wakaguzi atakuja mtu kutoka Kilifi. Mtu mzima, ana ndevu, atavaa koti jeupe. Mimi nimwite Daktari Abdurahman. Saa moja tu, basi yamekwisha.

Na mwenyewe wa Maskati je?

 Ameondoka kwa kupita upande wa friji, njia ndefu, asipite chini ya picha. Sasa ndipo nakumbuka — hupita hivyo kila siku.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilifunga saa saba nikaenda mtaa wa Shela, anwani iliyo kwenye leseni. Nilimuuliza muuza mikate nyumba ya mfamasia Abdurahman. Akanionyesha mlango, kisha akanitazama kama mtu aliyechelewa sana.

Mkewe anaitwa Bi Kamaria. Mama mnene, mtulivu, leso mbili safi. Nikampa shikamoo, akanikaribisha kwenye jamvi, akaniletea maji ya ndimu kabla hajaniuliza shida yangu. Nikasema nafanya kazi kwa Mzee Sufyan, namtafuta daktari.

"Daktari amefariki, mwanangu. Mwaka wa tatu huu. Alianguka msikitini alfajiri, tukamzika laasiri. Hukuambiwa?"

Niliweka glasi chini.

Kasema Mzee Sufyan alimwendea arobaini haijaisha, analia. Duka litafungwa, wagonjwa watakwenda wapi? Naye akamwachia ile karatasi ya leseni. Alidhani ni ya mwezi mmoja tu, mpaka apatikane mfamasia mwingine. Hakujua, mpaka nilipomwambia, kwamba kila mwaka inaombwa upya kwa jina lile lile, kama mtu hai.

Sikutaka kumwambia zaidi. Nilikuwa najiinua niage. Yeye ndiye aliyeuliza, polepole, macho yako kwenye glasi:

"Huwaambia warudie?"

Sikuwa nimemtajia! Naapa sikuwa nimemtajia.

Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka kidogo, machozi yakamtoka hapo hapo. Hata yeye alikuwa akiambiwa arudie. Akitumwa sokoni: rudia, Kamaria. Akitaka kumkasirisha alikuwa akirudia kinyume.

 Akajifuta kwa upindo wa leso.

"Sasa atapumzika vipi? Mmemwandika yuko kazini. Serikali inajua yuko kazini. Na Abdurahman hakuwa mtu wa kutoroka kazi."

Nimerudi kwa miguu. Sikumbuki njia niliyopita.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nimeichana.

Nikiondoka, atakuja mwingine mwenye diploma asiyejua lolote. Nikienda kusema kwa wakaguzi, duka linafungwa. Wagonjwa wa kifafa tunaowahudumia ni kumi na tisa, nimewahesabu leo. Mama Kahonzi atakwenda wapi? Mombasa? Kwa nauli gani, na atamwonyesha nani chupa yake?

Na nikinyamaza — huyu marehemu wa watu atasimama hapo mpaka lini?

Jumanne, 18 Novemba

Sasa najua ni saa ngapi. Ni baada ya adhuhuri, mtaa unapolala, milango imeegeshwa nusu. Si usiku. Usiku hakuna kitu kabisa, ningefurahi kama angekuwa wa usiku.

Leo nilikuwa nahesabu vidonge vya kisukari. Nikafika sitini. Nikasikia kitu kama mtu anavuta pumzi kabla ya kusema. Hakusema. Nikahesabu upya. Hamsini na nane.

Nikasema kwa sauti, "Ahsante." Nilijisikia mpumbavu.

Kile kiti kirefu cha nyuma hakuna anayekikalia, kimepinda. Nilikisogeza nipite. Kilikuwa na joto. Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Sikukimbia. Hilo ndilo linalonitisha — kwamba sikukimbia. Nimeanza kumzoea. Leo nimeona hata lebo zangu naandika wazi zaidi, mwandiko umeanza kulala.

Ijumaa, 21 Novemba

Wamekuja leo. Naandika hapa hapa kaunta, niwe na kitu cha kushika.

Saa sita na nusu gari la wakaguzi lilisimama nje. Mzee Sufyan kishakwenda sala ya Ijumaa. Mkaguzi ni mmoja, anaitwa Peterson, mtu wa bara kama mimi, mpole, jasho linamtiririka. Hakutaka soda. Akasoma leseni ukutani, akaandika. Akaomba rekodi ya joto la friji. Iko stoo. Nikaingia.

Stoo yetu ni chumba cha hatua nne. Haina dirisha, haina mlango mwingine. Nikiwa humo simu ikalia. Mzee Sufyan, ananong'ona, nasikia watu wakitawadha. Yule mtu wa Kilifi hakuja! Kaogopa, kazima simu. Funga duka, Kasiva, sema unaumwa.

Nikamwambia mzee kwamba mkaguzi yumo ndani tayari. Akasema, "La ilaha illallah," simu ikakatika.

Nikatoka na rekodi mkononi na uongo wangu tayari mdomoni. Peterson alikuwa anajaza fomu. Anatabasamu.

"Maduka kumi na moja leo, hili ndilo la kwanza nakuta mfamasia. Tena mtu makini sana! Kanitolea dawa tatu zilizopitwa na muda, kabla sijaanza hata kukagua rafu."

Chupa tatu zimepangwa kaunta. Mimi sikuziweka. Tarehe zake nimezisoma: zimepita kweli. Nilikuwa sijaziona.

Nikamuuliza, ameelekea wapi?

"Si kaingia stoo sasa hivi? Mmepishana hapo mlangoni. Amekupisha kabisa!"

Akanigeuzia fomu. Mfamasia msimamizi alikuwepo: ndiyo. Jina: Abdurahman. Sahihi fupi, wino haujakauka. Chini yake: shahidi, mfanyakazi wa duka. Hapo pako wazi.

"Saini hapo, dada. Ukisaini, mnapata kibali cha miaka mitano moja kwa moja. Hatutawasumbua tena."

Miaka mitano.

Kaenda garini kuchukua muhuri. Namwona kupitia mlangoni, anapekua begi. Fomu iko mbele yangu. Nikisaini, Kalume ana dawa. Nikisaini, nimemwajiri marehemu miaka mitano mingine, kwa mkono wangu mwenyewe. Bi Kamaria sijui nitamtazama vipi.

Nikikataa nitasema nini? Kwamba hakuwepo? Alikuwepo!

Peterson amefunga mlango wa gari. Anakuja, muhuri mkononi.

Mama mmoja kaingia mbele yake, mtoto mgongoni, ana homa, namsikia anavyopumua. Mama anainua uso. Hanitazami mimi. Anatazama juu ya bega langu, anainamisha kichwa kwa adabu —

"Shikamoo, daktari."

Sijageuka. Kalamu iko mkononi, fomu bado haijasainiwa. Mama bado anasubiri aitikiwe.