Kifungo cha Kumi na Mbili

Migori,
Jumapili, 9 Novemba 2025.
Asubuhi: mvua ya rasharasha tangu alfajiri, upepo hakuna, mawingu yametulia juu ya mji kama wapangaji.

Kaka yangu mpendwa Ongeri,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, wewe na wifi Nyangi na wale wadogo wawili. Sisi huku hatujambo. Mama alipiga simu Alhamisi kutoka nyumbani. Goti lake limepoa, migomba imezaa, na aliuliza habari zako kabla ya kuuliza zangu, kama kawaida yake. Nilimwambia unaendelea. Sikumwambia unaendelea kwenda wapi.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu huzipokei. Nyangi anasema kila nikipiga unamrudishia simu na kumwagiza aseme umelala, hata ikiwa saa nne asubuhi na jua limewaka. Sikulaumu. Lakini barua haiambiwi umelala. Itakaa mezani ikungoje. Wesley, yule anayepeleka mbegu za duka letu huko kwenu Magunga, ataileta kesho, na nimemwonya asiikabidhi kwa mtu mwingine ila wewe.

Nyangi amenieleza pia habari ya mkono. Anasema tangu ile tarehe 20 Mei, kamba ya wavu ilipokuzunguka kwenye vizimba vya samaki kule Rusinga ikaondoka na vidole viwili, mkono wako wa kulia umehamia mfukoni mwa koti. Unakula kwa kushoto, watu unawasalimia kwa kichwa, na ule udongo uliopewa hospitalini Homa Bay uufinyange kila siku umekauka dirishani hadi kuku wameudonoa. Daktari alisema vidole vitatu vilivyobaki vikikaa bila kazi mpaka mwisho wa mwaka, vitakakamaa hivyo hivyo maisha. Wewe unajua mimi ni mtu wa tarehe. Leo ni tarehe tisa Novemba. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana utanivumilia hata kama habari yangu itaonekana ya kitoto.

Basi habari yenyewe ni hii. Ulipomtuma Nyangi aniambie nimpe yule kijana Machuki mashine yako ya gemu kwa kuwa haina mwenyewe tena, nilisema sawa. Sikumpa. Machuki amekuja mara mbili, mara ya pili na begi kabisa. Nilimwambia mashine inapiga shoti. Akaniuliza kama ni shoti kubwa au ndogo, nikamwambia inategemea na anayeigusa. Aliondoka akilitazama begi lake kama limemdanganya.

Ile hatua iliyokushinda kwa miaka mitatu, Nyumba ya Balozi, sasa naijua kuliko ninavyoijua stoo yetu ya pembejeo. Zamani ulipokuwa ukitoka kisiwani mwisho wa mwezi na kukaa mbele ya televisheni yangu, mimi niliona tu mwanamke mwenye koti refu jeusi akijibanza nyuma ya mapazia, na mtu mzima akiniambia nisichemshe chai kwa kelele, mlinzi atasikia. Ulinieleza, nami nikiwa nachambua mchele, kwamba mpelelezi wa kwanza alipotelea ndani ya nyumba ile. Alificha vifungo kumi na viwili kama alama za njia aliyopita, na huyu mwanamke aliyetumwa kumfuata amevaa koti la mtu huyohuyo, na lazima avipate vyote bila kuonekana hata mara moja. Akionekana, kengele zinalia na anarudi mwanzo. Wewe ulifikisha kumi na kimoja. Cha kumi na mbili ulikitafuta mpaka ukaanza kukiita kwa jina la mwalimu wetu wa hesabu, kwa sababu naye alikuwa haonekani.

Mimi nilianza kutafuta tarehe 15 Juni, na nilianza na kifungo cha kwanza. Utajiuliza kwa nini, wakati kumi na kimoja tayari vilikuwa vyako. Vumilia, nitafika hapo.

Sikucheza kama ulivyokuwa ukicheza wewe. Wewe unaingia nyumba ya watu kama unayekwenda kuzima moto. Mimi nilichukua daftari la hesabu lenye miraba, nikachora nyumba nzima, ghorofa ya chini ukurasa mmoja na ya juu ukurasa mwingine. Kisha nikafanya kama ninavyohakiki stoo: naingia mlangoni, ukuta uwe kushoto kwangu, nausindikiza ukuta huo mpaka unirudishe mlangoni, ndipo naandika kwamba chumba kimekwisha. Kila mlinzi nilimpa jina. Mnene wa jikoni ni Onchiri, kwa sababu anasimama kila mara penye chakula kama binamu yetu. Yule wa ngazi nilimwita Nyamongo. Anatembea hatua kumi na nne, anageuka, anapiga chafya, na chafya yake ndiyo nafasi yako. Sijui kama uliwahi kuiona chafya hiyo. Iko kwenye shajara yangu ya tarehe 3 Julai, nimeipigia mstari.

Nilicheza nusu saa kila jioni baada ya kazi, isipokuwa Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, maana hata mpelelezi lazima ashike Sabato akiwa nyumbani kwangu. Vidole vyangu mwanzoni vilikuwa kama vya kukopa. Juma la kwanza nilikamatwa mara arobaini na moja. Lakini vifungo vikaanza kuja: ndani ya saa ya ukutani, chini ya kikombe cha balozi, kwenye mdomo wa samaki aliyekaushwa sebuleni. Cha tisa kilikuwa kwenye kola ya mbwa, na hapo nilikusifu kwa dhati, kwa sababu yule mbwa ni mkali hata kwa picha. Tarehe 29 Oktoba, siku ya Jumatano, nilikuwa na kumi na kimoja. Nikasimama pale uliposimama wewe.

Hapo ndipo Leonida alipoingia katika habari hii. Ndiye jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa kanisani, mwenye moyo mweupe na masikio marefu. Alhamisi hiyo nilikuwa nje naanika nguo huku nikiongea kwa simu na Metrine, mwenzangu wa dukani, ambaye ndiye mtu pekee aliyejua ninachofanya jioni. Nilimwambia kwamba kumi na kimoja nimeshavimaliza, sasa nimebakiza kifungo kimoja tu, lakini hicho kimoja ndicho kigumu, na sitamwambia Ongeri mpaka nikimalize.

Sabato iliyofuata, wakati wa maombi maalumu, nikasikia mzee wa kanisa Ombati akisema tumkumbuke dada mmoja miongoni mwetu ambaye amevumilia vifungo vingi kimyakimya, bado amekabiliwa na kimoja, na familia yake haijui. Nilifumba macho nikamwombea dada huyo kwa bidii. Nilipofumbua, safu nzima ya akina mama ilikuwa ikinitazama mimi.

Mchana wakaja kwangu wanne, na ndizi na maziwa. Mmoja aliniuliza kwa upole ni gereza gani. Mwingine alimkatiza, akasema si vifungo vya gereza, ni vya yule mwovu, na kwamba anajua mhubiri mmoja wa Rongo anayevifungua kwa siku tatu. Leonida akawa analia tu, akisema kumi na kimoja, jamani, na mwili wenyewe huu mdogo. Kaka, nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, nao wakazidi kuniombea kwa kuona nimepagawa. Ilibidi jua lizame, niwashe mashine, niwaonyeshe. Walitazama. Mzee Ombati, aliyekuja kuwachukua, alisema mchezo wa kunyata nyumba za watu si mfano mwema, kisha akakaa, na alikuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba Nyamongo anageuka.

Leonida ndiye aliyeudhika. Alisema kama ni vifungo vya koti si ningesema mapema, yeye ana kopo zima. Jumapili asubuhi akanimwagia kopo lenyewe mezani: vifungo vya mashati ya watoto wake watano, wote sasa watu wazima. Nikamuuliza amevikusanya wapi vyote hivyo, akanishangaa. Akasema kila shati lina kifungo cha akiba, kimeshonwa kwa ndani pale chini, na mama mwenye akili hukiacha palepale mpaka siku ya haja. Hivi vyake ni vya mashati yaliyochakaa.

Nilikumbuka sare zetu za shule, kaka. Mama hakungoja kiwanda, alishona cha akiba mwenyewe upande wa ndani kwa uzi mweusi, akatuambia kwamba mtu haendi safari na vifungo vya nje tu. Cha kwako ulikikata darasa la tano ukakifanya kete, ukachapwa.

Kifungo cha kumi na mbili hakimo ndani ya nyumba ya balozi. Miaka mitatu umepekua kila droo, na ulikuwa umekivaa. Kimeshonwa ndani ya koti.

Nilikithibitisha Jumanne, tarehe 4. Unakwenda kile chumba kidogo cha kuvulia makoti, karibu na mlango wa nyuma, chenye kioo kirefu. Wewe ulikuwa ukikipita mbio kwa sababu hakina kitu. Ukisimama mbele ya kioo bila kujitikisa mpaka Nyamongo apite mara mbili, yule mwanamke anafungua koti lake polepole na kuligeuza. Hapo kinang'aa, kidogo kama punje ya mtama. Kukichukua ni kubonyeza kitufe kimoja cha upande wa kulia na kukishikilia kwa hesabu ya kumi na mbili, bila kuachia, bila kutetemeka.

Nilikitazama. Kisha nikarudi kinyumenyume, nikahifadhi, nikazima. Sikukichukua.

Sasa nifike pale nilipokwambia uvumilie. Ile tarehe 15 Juni niliwasha mashine nikitaka tu kuitazama, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kukuona wodini ukiwa umegeukia ukutani. Iliniuliza maswali, nami nikajibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayejibu salamu. Nilianza mchezo mpya juu ya ule wako. Vifungo vyako kumi na kimoja, miaka yako mitatu, nilivifuta kwa kidole kimoja. Mimi, ambaye stoo nzima inanisifu kwamba sijawahi kukata mstari kitabuni. Siku hiyo shajara yangu ina maneno mawili tu: nimefuta vyote. Niliona umeshapoteza vya kutosha mwaka huu, sikuweza kuja kukwambia nimekupotezea na hivi. Kwa hiyo nilivitafuta upya kimoja kimoja, ili siku nitakapokiri niwe na kitu mkononi. Nisamehe. Vimerudi kumi na kimoja, kila kimoja na tarehe yake, na cha kumi na mbili nimekuachia.

Jumapili ijayo, tarehe 16, nakuja kwa njia ya Sori, nitafika kwenu kabla ya saa sita. Naleta mashine, padi ya kuchezea, na udongo mpya wa kufinyanga. Nyangi ameniambia umeme wenu sasa unakaa. Usimwambie amwambie mtu kwamba umelala. Mkono wa kushoto utaongoza miguu ya yule mwanamke, hiyo kazi unaiweza hata sasa. Kitufe kile kimoja ni cha kidole gumba cha kulia, na gumba lako lipo, nililihesabu mwenyewe wodini. Najua kushikilia mpaka kumi na mbili kutauma. Juma hili fanya mpaka tatu kwa siku ya kwanza, kwenye meza, kwenye sabuni, popote. Kengele zikilia, tutarudi mwanzo. Mimi nimerudi mara nyingi na sikufa. Nitakaa upande wako wa kushoto ili wa kulia uwe na nafasi, wala sitachemsha chai kwa kelele.

Mwambie Nyangi nitakuja na ndizi za Mama, na wale wadogo wawekeni karibu, wakamwone baba yao akinyata. Leonida anakusalimu na anauliza kama koti lako lina vifungo vyote. Metrine naye anakusalimu. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako,
Bochaberi.

Jumatatu asubuhi, kabla Wesley hajafika: mvua imekatika. Nimeandika kwa kujiamini na silifuti neno hata moja, lakini shajara haidanganyi, nami sitaki kukuficha jingine. Jana nilizima taa saa nne, nikahesabu mpaka kumi na mbili gizani mara nyingi, gumba langu juu ya ukingo wa kitanda, na usingizi ulinijia saa nane na robo.