Mafuta ya Matanga

Kambi ya mgodi, Pilbara, Australia
5 Januari 2023
Leo ni miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke nyumbani.

Mama mpendwa,

Hujambo wewe, na kifua chako hakijambo? Mimi mzima, ila nimechoka mpaka kwenye kucha. Huku ni kiangazi. Mabomba ya chuma ya majukwaa wanayopandia mafundi tunayabeba kwa glavu, ukishika kwa mkono mtupu ngozi inabaki pale. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, unajibu swali ambalo sijakuuliza, halafu unakata.

Nina neno moja. Declan, yule mtoto wa jirani yetu Dympna ninayebeba naye mabomba, anasema serikali inatoa pauni mia sita kwa kila nyumba huko kwetu kwa sababu ya bei ya umeme na ya mafuta ya taa. Mia mbili kati ya hizo ni za mafuta. Kwetu Tyrone, mashambani mbali na Belfast, bomba la gesi halijafika na sidhani kama litafika tukiwa hai. Basi Mama, pesa ikija usiifungie kwenye kopo la biskuti. Mwite Packie muuza mafuta na lori lake akujazie tangi, kisha uwashe boila nyumba ipate joto. Sitaki kusikia tena habari za kikohozi kile kilichokulaza hospitali ya Omagh mwaka juzi.

Mimi nikijaliwa nitakuja Pasaka.

Mwanao,
Malachy

Altnagore, Tyrone
21 Januari 2023

Mwanangu Malachy,

Barua yako nimeipata, na mimi sijambo, namshukuru Mungu. Pasaka umesema. Hukusema ya mwaka gani, kwa hiyo sijaanza kuoka.

Ile vocha ya serikali ilikuja kweli. Nilikwenda nayo posta kuchukua pesa. Foleni ilitoka mlangoni ikapita duka la nyama, na watu wote walikuwa wamevaa kama wanaokwenda misa ya Krismasi, ili serikali isidhani sisi ni maskini. Packie alikuja kesho yake akamimina mafuta. Tangi limejaa! Sijaliona limejaa tangu baba yako afariki. Kila asubuhi nachovya ile bakora yake ndani, naangalia mafuta yamefika wapi, kisha naingia ndani nimefurahi.

Habari nyingine ni ndogondogo. Siagi imekuwa ngumu inapasua mkate. Paka amehamia ndani ya oveni, nikitaka kuoka inabidi nimbembeleze. Na kile kibakuli cha maji ya baraka hapo mlangoni kiliganda wiki iliyopita, nikafanya ishara ya msalaba kwa kipande cha barafu. Nilimwuliza Padri Quigley, akasema baraka ni ileile.

Mama yako

Pilbara
2 Februari 2023

Mama mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na baridi. Barua yako nilimsomea Declan wakati wa chakula. Nilipofika kwenye maji ya baraka aliacha kutafuna.

Mama, kibakuli kile kiko ndani ya nyumba. Nilikipigilia mimi mwenyewe ukutani, tena nilijigonga dole gumba. Maji yanagandaje ndani ya nyumba yenye tangi lililojaa mafuta? Na mwandiko wako umekuwa wa mtu anayeandika akiwa amevaa glavu.

Nakuuliza jambo moja tu, unijibu ndiyo au hapana. Boila linawaka?

Mwanao,
Malachy

Altnagore
14 Februari 2023

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na hujaungua na jua. Mimi nipo.

Hapana.

Kwa kuwa umetaka ukweli, kaa chini. Yale mafuta si ya kuchezea. Ni ya matanga yangu.

Wewe hukuwapo Sadie Conway alipokufa mwaka jana. Marehemu alilazwa sebuleni kwake kama kawaida, watu wakaja kutoka kila upande kukesha naye, chai ikapita, ikapita tena. Usiku wa pili boila likakohoa mara mbili likazima. Mafuta yameisha! Watu wakavaa makoti. Padri Quigley alisalisha rozari mvuke ukimtoka puani kama ng'ombe wa asubuhi. Wengine wakaondoka kabla ya fumbo la tatu. Sadie alilea watoto tisa, akaimba kwaya maisha yake yote, lakini leo ukimtaja mtu anakwambia, "Aa, yule wa baridi."

Mimi sitakuwa yule wa baridi. Siwezi kulala pale na gauni langu la bluu, nimechanwa nywele vizuri, huku Dympna anapuliza vidole.

Boila ni la wageni na la wafu, ndivyo nilivyolelewa. Baba yako alikaa humu miaka arobaini bila kuwashiwa na hakulalamika. Hakulalamika mara nyingi. Mimi nina makoti mawili, blanketi, na paka akikubali kutoka.

Mama yako

Pilbara
27 Februari 2023

Mama mpendwa,

Hujambo? Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye kivuli cha lori. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Mimi sikusoma sana, unajua, kwa hiyo nitasema tu ilivyo. Nabeba vyuma kwenye jua hili nikijua kuna mtu wa kurudi kwake. Sina ndugu. Baba amekwenda. Nikirudi nikakuta nyumba ina joto, watu wanakunywa chai, na wewe umelala kwenye sanduku na gauni la bluu, hilo joto nitalifanyia nini?

Lakini wewe ni wewe, nakujua. Umeshinda. Sitalitaja boila tena.

Nimempigia Dympna simu kumsalimu. Hajambo.

Mwanao,
Malachy

Altnagore
22 Machi 2023

Malachy,

Salamu utazipata mwishoni kama zitabaki. Sijui nianzie wapi kukugombeza.

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja Padri Quigley. Nikawasha boila, ni padri, ningefanyaje? Alivua koti, akavua na sweta. Gari lake halijatoka getini nimeshazima. Jumanne akaja Dympna. "Napita tu, Rosena," akasema, akapita mpaka maziwa yakaisha. Jumatano akaja mwalimu McGirr, ambaye hajakanyaga kwangu tangu uvunje dirisha la darasa lake. Alhamisi yule binti wa posta. Ijumaa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick, wakaja saba. Kuwasha, kuzima, kuwasha, kuzima. Nikajiambia, Rosena, ama unapendwa ghafla, ama unakufa na daktari amewaambia wao kwanza.

Jumamosi lori la Packie likaingia uani kinyumenyume. Halikuwa na mafuta. Akaanza kushusha viti vya ukumbi wa parokia. Unavijua viti vile. Havitoki ukumbini kwenda nyumbani kwa mtu ila kwa jambo moja.

"Packie," nikamwuliza, "nani amekufa?"

"Wewe, Rosena," akasema, akavua kofia. "Pole sana."

"Mimi?"

"Malachy ametuambia umejiwekea mafuta ya matanga. Tumekaa tukaona hatuwezi kungoja. Kwa baridi hii tutakutangulia sisi. Haya, niviweke wapi?"

Nyuma yake anakuja Dympna na sinia tatu za sandwichi, za mayai na za nyama ya nguruwe. "Usinitolee macho," ananiambia. "Maiti haitoi macho. Washa boila ukavae gauni la bluu."

Nilikasirika, mwanangu. Nikalivaa hata hivyo, maana walikuwa wameshaingia nyumba nzima na mimi nilikuwa na aproni. Wakaniweka kwenye kiti cha baba yako. Kila aliyeingia alinishika mkono akasema, "Pole kwa msiba wako," na mimi nikajibu, "Asante, alikuwa mtu mzuri."

Kisha Packie akasimama kunisifu. "Marehemu," akasema, "alikuwa mchoyo wa joto lakini hakuwa mchoyo wa chai." Watu wakacheka mpaka paka akatoka kwenye oveni. Akaendelea kwamba wakati wa theluji kubwa ya mwaka themanini na mbili nilimsaidia kuvuta ng'ombe wake mtaroni.

"Ilikuwa themanini na saba," nikasema, "na alikuwa ndama!"

"Marehemu anyamaze," akasema Padri Quigley.

Fikiria, Malachy. Kwenye matanga ya kweli angesema themanini na mbili, na ingebaki hivyohivyo milele.

Mwalimu McGirr naye alisema neno juu yangu na baba yako, jinsi baba yako alivyokuwa akinisema nisipokuwapo. Sitaliandika hapa. Miaka yote hii sikulijua. Nilisema moshi wa jiko umeniingia machoni.

Waliondoka alfajiri. Hakuna aliyevaa koti ndani ya nyumba yangu, hata mmoja.

Nimechovya bakora. Nusu ya tangi imekwenda, na wewe ndiye mwizi. Na nikifa kweli watakuja kusema nini? Wameshamaliza yote.

Boila linawaka hivi ninavyoandika. Nilisahau kulizima Jumamosi. Sikusahau. Kifua kimetulia, na unaona mwandiko.

Sasa salamu. Pasaka imebaki wiki mbili na nusu. Nisioke?

Mama yako,
Marehemu Rosena

Pilbara
5 Aprili 2023
Leo ni miaka mitatu na miezi saba tangu nitoke nyumbani.

Mama mpendwa,

Natumaini kaburini hawajambo. Barua yako imezunguka kambi nzima. Hata msimamizi wetu ameisoma, mtu ambaye hacheki, akaniuliza, "Huyu ni mama yako kweli?" Nikasema ndiye. Akaniambia, "Basi unafanya nini hapa?" Nikashika neno hilohilo nikaomba likizo kabla hajageuka.

Kwa hiyo Pasaka nitaikosa, lakini kwa wiki mbili tu safari hii, si kwa mwaka. Tiketi iko ndani ya kiatu changu cha misa, ndicho kitu pekee ambacho Declan hawezi kuazima kwangu.

Ulisema boila ni la wageni na la wafu. Mtu aliyekaa nje muda wote huu nadhani anatosha kuitwa mgeni, basi niwashie. Kesho yake asubuhi nitakuwa si mgeni tena, ila usilizime. Tangi nitalijaza mimi, suala la matanga tutalifikiria baadaye, na tutalifikiria tukiwa tumekaa penye joto. Mwambie Packie asirudishe viti vya parokia kwanza, nataka kukaa kwenye kimoja nisikie wanasema nini juu yangu.

Natua Belfast Jumamosi tarehe 22 Aprili asubuhi. Packie atanichukua kwa lori. Kabla ya chai ya mchana nitakuwa mlangoni kwako, nachovya kidole kwenye maji ya baraka. Nikigusa barafu, narudi Australia.

Mwanao,
Malachy