Mama Fardowsa, Jumanne Tumeivuka

Mama Fardowsa, mwenzangu,

Assalamu alaykum huko uliko. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyowafundisha watoto wa Galbet hapa Garissa miaka yote ile na ambayo mumeo hakuimudu. Ukiona barua hii imenyooka, ujue Fardowsa ameipitia kwa kalamu nyekundu. Amerithi mwandiko wako, na ukali wako pia. Nimemwambia asahihishe maneno lakini asiguse majigambo, kwa sababu leo nina haki ya kujigamba.

Mama yako ameondoka asubuhi kurudi Ijara, na ameondoka peke yake. Watoto wako wako hapa. Wadogo wawili wanagombania mpira uani, Fardowsa anachambua mchele, na mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda chako nikisubiri nyama iive. Nimeshinda, mke wangu. Ngoja nikueleze, maana najua ungesema kama ulivyozoea kuniambia: "Dalali, anza na mwanzo, usianze na bei."

Unazikumbuka Jumatano zetu? Nilikuwa narudi kutoka soko la mifugo nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, nakutia ujira wa wiki mkononi kabla sijavua ndara. Hukuuhesabu mbele yangu. Ulikuwa unauliza kwanza, "Wiki hii nani anakuja?" Nami nilikuwa nakujibu kwamba sijui, wageni hawapigi hodi kwa barua. Kisha unazitazama sufuria zilizoning'inia, na wiki nzima unaipanga hapo hapo kichwani. Nyama siku mbili za kwanza. Ijumaa wali na ndizi mbivu za kando ya Tana. Baadaye pasta, anjera, ile mikate yetu laini ya kumimina, na mchuzi wa mifupa, ugali na sukuma, mpaka tufike Jumanne, siku ambayo mfuko wangu unakuwa mkavu. Jumanne ilikuwa ambulo siku zote, yale mahindi na maharagwe madogo uliyoyachemsha taratibu mpaka yakalainika, ukayatia sukari na samli kidogo.

Nami kila Jumanne nililalamika. Nilikuambia mimi si njiwa wa kulishwa punje. Ulinijibu siku moja bila hata kugeuka: "Wewe unajua kuwavusha ng'ombe kiangazi kizima, lakini hujui kuivusha sufuria mpaka Jumanne." Nilicheka, lakini maneno hayo yalinikaa kooni.

Na lile kopo la maziwa ya unga juu ya rafu, unalikumbuka? Kila ulipopima nafaka ya kupika, ulirudisha konzi moja ukaitia humo. Ya mgeni, ulisema. Nilikutania kwamba hakuna Msomali anayeshiba konzi moja. Ukasema hakuna mgeni anayekuja siku ya kwanza ya kopo.

Ulipotutangulia, nyumba ilijaa watu, na chakula kilitoka kwa majirani wala sikujua kilikopikwa. Watu walipotawanyika, mama yako alimtuma kaka yako aje kuzungumza nami. Ujumbe ulikuwa mfupi: mwanamume hulisha mifugo, watoto hulishwa na mwanamke, kwa hiyo watoto watakwenda Ijara. Sikumkasirikia. Alikuwa amempoteza binti, na alitaka kuwashika waliobaki. Lakini Fardowsa angetoka kwenye shule uliyomsomesha kwa jasho lako, na wadogo zake wangelala mahali ambapo sisikii wakikohoa. Nikamwomba anipe muda mpaka mvua. Alikubali kwa sharti moja, kwamba atakuja bila kutuma salamu, aone kwa macho yake.

Wiki ya kwanza nilifanya vile ambavyo dalali yeyote angefanya. Jumatano nilinunua paja zima la mbuzi, na mchele ule wa harufu nzuri, na soda. Tulikula hadi watoto wakalala na mikono yenye mafuta. Alhamisi tukala tena. Nilijiona baba bora kuliko wote Garissa nzima. Kufikia Jumapili tulikuwa kwenye anjera na chai ya rangi, na Jumanne watoto wakaenda shule na chai yenye sukari peke yake. Mwalimu mmoja, rafiki yako wa zamani, akanitumia ujumbe kwamba mdogo wetu alilala darasani na hakuwa mgonjwa. Nililia siku hiyo, mke wangu. Nilikaa nyuma ya choo ili watoto wasinione.

Nikasema basi, nitajifunza kununua. Nikamchukua Fardowsa tukaenda kwa Mama Mwende, yule aliyekuuzia nyanya na vitunguu tangu tuhamie hapa. Sasa wewe unajua jinsi sisi tunavyouziana ng'ombe. Mnunuzi na muuzaji wanashikana mkono chini ya shali, bei inasemwa kwa kubana vidole, na wanaosimama pembeni hawajui kitu. Mkono wangu umefanya hivyo tangu ndevu hazijaota. Mama Mwende aliponitajia bei ya nyanya nikaona iko juu, na kabla akili haijanifikia nilikuwa nimeshavua shali begani, nimekifunika kiganja, nimemnyooshea mkono.

Mama Mwende aliutazama ule mkono, akanitazama na mimi. "Baba Fardowsa," akasema, "mimi niko na mzee wangu huko Mwingi. Hapa bei tunasema na mdomo."

Akina mama wote wa soko waliangua kicheko. Mmoja alijifunika uso kwa leso hadi akakaa chini. Fardowsa alinivuta kanzu akaninong'oneza, "Aabo, hiyo ni nyanya, si ndama." Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Mama Mwende, Mungu ambariki, alipomaliza kucheka aliniambia kwamba wewe hukuwa ukibishana naye hata kidogo. Ulikuwa unakuja jioni anapofunga, unachukua zile nyanya laini zote kwa pamoja, unazipika na mafuta siku hiyo hiyo ziwe rojo la wiki. Sikujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nakula rojo lako nikidhani nyanya zinazaliwa hivyo.

Tukiwa tunarudi nyumbani, nikakumbuka maneno yako ya ng'ombe na sufuria. Nikajiuliza, kwani mimi ng'ombe huwavushaje? Mfugaji anayehama wakati wa kiangazi haangalii maji anayoyaacha, anaangalia kisima anachokwenda. Akijua kile cha mbali kina maji, ndipo anapanga vituo vya katikati. Nikasimama pale pale njiani. Fardowsa alidhani nimeumwa. Nikamwambia, "Tulianzia upande mbaya. Wiki inaanza Jumanne."

Tangu hapo, Jumatano jioni kitu cha kwanza ninachonunua ni mahindi na maharagwe ya Jumanne. Kisha unga wa Jumatatu, kisha narudi nyuma hivyo hivyo siku kwa siku mpaka nifike Jumatano yenyewe, na nyama ninainunua mwisho kwa kile kilichobaki. Mwenye bucha alishangaa kuona dalali anaomba mifupa na nusu kilo. Wenzangu sokoni walinipa jina la Mama Jikoni. Mmoja alinipigia kelele mbele ya watu, "Waryaa, leo unauza ng'ombe ama unauza kitunguu?" Nikamwambia nauza vyote viwili, na kwamba kwangu Jumanne watu wanakula, kwake je? Juzi alinivuta kando akaniuliza maharagwe yanalowekwa muda gani.

Kopo lako nalo nililirudishia kazi yake. Fardowsa ndiye anayetia konzi, kwa sababu mkono wake ni mdogo kama wako.

Basi Alhamisi iliyopita mama yako akashuka kwenye gari la maziwa, bila salamu, kama alivyoahidi. Alikuwa na kifurushi chake cha nguo, na chini ya kwapa mfuko mkubwa wa nailoni wa mistari, umekunjwa, mtupu. Sikuuliza ni wa nini. Nguo za watoto watatu zinaingia humo bila shida. Fardowsa aliuona pia, akaupokea akautundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyeingia jikoni bila kuutazama.

Unajua heshima yetu. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja wala hawakodoleani macho, kwa hiyo yeye alikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na sahani zilikwenda na kurudi kwa mkono wa Fardowsa. Hukumu yangu nikawa naisoma kwenye sahani. Alhamisi nilimpelekea nyama, ikarudi nusu. Ijumaa wali wangu ulitoka punje punje, hata wewe ungeusifu, nao ukarudi nusu. Nikamwuliza Fardowsa bibi yake, Ayeeyo, amesema nini? Akajibu kwamba Ayeeyo amesema, "Siku ya mvua kila mtu ni mfugaji."

Hapo nikamwelewa. Alikuwa anaingoja Jumanne. Alikulia kwenye ukame, hawezi kudanganywa na sahani ya Ijumaa. Kila nilipomtumia salamu kuuliza hali, alijibu kwamba goti linamsumbua, atapumzika kidogo zaidi.

Jumatatu, kabla ya magharibi, wadogo wawili walikuwa wamekwishaoga na mahindi yalikuwa yamelowekwa kwa kiasi chetu. Mlango ukabishwa. Binamu zangu wawili kutoka Kotile, wamefika na ng'ombe wa soko la Jumatano, vumbi tupu, njaa tupu. Wanaume waliotembea na ng'ombe unawajua wanavyokula. Niliwakaribisha kwa mikono miwili, huku nikiyahesabu mahindi kichwani. Nikaliona pazia la chumba cha ndani likisogea kidogo.

Ugali wa Jumatatu uliliwa wote, na sisi wenyeji tukala kwa adabu. Kisha nikalishusha lile kopo. Lilikuwa zito, mke wangu. Fardowsa alikuwa ametenga nafaka kwa vitambaa, mchele juu, mahindi na maharagwe chini, jinsi ulivyomfundisha bila mimi kujua. Tuliyamimina kwenye maji ya kulowekea, sufuria ndogo ikashindwa, tukachukua ile kubwa ya Idd.

Alfajiri baada ya kuswali niliwasha makaa. Binamu zangu walikuwa wamekuja na kidumu cha maziwa, wakanipa nusu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Sikwenda kokote siku hiyo. Nilikaa na sufuria, nikapunguza moto kila ilipotaka kukimbilia, na kusema kweli nilizungumza na wewe muda wote. Watoto waliporudi kutoka shule kwa chakula cha mchana ambulo ilikuwa imelainika vile vile ulivyoipenda. Binamu zangu walikula na maziwa, wakashiba wakajilaza. Watoto walikula. Sahani ya mama yako nikaipakua mimi mwenyewe, nikatia samli ya mwisho iliyokuwemo ndani ya nyumba, nikaifunika, nikaituma.

Ilikaa ndani muda mrefu. Nilijifanya nasugua sufuria. Fardowsa alipotoka, sahani ilikuwa nyeupe, imepanguswa kwa kidole.

"Aabo," akasema, "Ayeeyo anauliza kama imebaki."

Ilikuwa imebaki.

Asubuhi ya leo goti lilikuwa limepona. Alijifunga mtandio, akawabariki watoto mmoja mmoja akiwawekea mkono kichwani, akatoka na kifurushi chake. Gari la maziwa lilikuwa linapiga honi. Nikauona mfuko bado uko msumarini. Nikamfuata mpaka mlangoni, macho chini kama inavyopasa, nikamwambia, "Mama, umesahau mfuko wako."

Yeye naye alitazama kando, akauambia mwimo wa mlango. "Sijausahau. Leo ni Jumatano. Mahindi ya Jumanne utayabebea nini?"

Nimerudi nao kutoka sokoni jioni hii. Chini kabisa yalikuwa mahindi, juu yake maharagwe, juu yake wiki nzima, na nyama ilikaa juu ya vyote. Mpini wake umenikata kiganja, na sijawahi kufurahia maumivu kama haya. Nimepita nao katikati ya wenzangu wote wa soko la mifugo, polepole, ili kila mtu auone.

Nakukosa, Mama Fardowsa. Nakukosa hasa jioni kama hii, nikitamani uniulize wiki hii nani anakuja. Lakini lala kwa amani. Mola akupanulie kaburi lako na akupe katika riziki zisizokatika. Watoto wako hawaendi popote. Nyama imeiva, na Fardowsa ananiita nipime mchele ili atoe konzi ya kopo.

Mumeo, Baba Fardowsa,
mwenye jiko la Galbet