Kwa Resti, Aliyejitaja Mfongoni

Rafiki yangu Resti,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi nimekaa na kalamu nikikosa la kuuliza. Basi nikupe habari za huku. Intaneti kafe yetu ya Moshi bado ipo, ila tajiri kaongeza kompyuta na kuyaondoa mapazia uliyoshona wewe kuwatenga wateja. Anasema siku hizi watu hawaoni haya. Mama yako hajambo. Nilipanda Kilema juzi nikamwamkia, akanibebesha ndizi mpaka mkono ukafa ganzi, unamjua. Kaburi lako pale mgombani lilikuwa limeota majani, nimeyang'oa.

Nimekukumbuka sana mwezi huu, kwa sababu ya mambo ya maji.

Wewe ndiye uliyenifundisha kujificha. Mimi msichana wa Chekereni, niliyejua mpunga tu, nilidhani ukifunga ukurasa mambo yameisha. Ulinicheka. Ukanionyesha kufuta kurasa nilizotembelea, kufungua barua pepe kwa jina la kubuni, kupitia tovuti zinazoficha kompyuta yako iko wapi. Kila ukimaliza ulikuwa unasema, "Hii inaficha mashine, mwenzangu. Mdomo ufiche mwenyewe." Halafu wewe, fundi wa yote hayo, ukaja kusahau la mwisho.

Ulipoandika kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa Kilimanjaro, ukijiita Mpita Njia, kwamba mwenyekiti wa mfongo wenu anaugeuza mfereji huo wa maji uende kwenye bustani yake ya nyanya huku vihamba vya wajane, migomba yao ya nyumbani, vikikauka, hakuna mtambo ambao ungekukamata. Hata kafe ulikwenda ya mtaa mwingine. Lakini ulitia na kisa: maji yalikatika Jumamosi asubuhi, zamu ndiyo kwanza imeanza, mtu akabaki na jembe mkononi. Jamani, Resti. Kule kwenu zamu ya maji ya mtu inajulikana kuliko siku aliyozaliwa. Mtu wa ng'ambo akasoma, akapiga simu nyumbani, na wazee hawakuhitaji kompyuta. Jumamosi asubuhi ni nyumba mbili tu, kwenu na kwa mzee Aloisi. Na mzee Aloisi ana mwana anayesomea kompyuta Dar. Wakaona wamempata mtu wao, wakamfungia maji.

Ungeweza kunyamaza. Ushahidi haukuwepo, na mimi nilikuambia hivyo. Ukanitazama, ukasema, "Nimejificha mimi, ameonekana yeye." Siku ile hukula chochote.

Msaragambo ulipoitwa, watu wakatoka na majembe kuzibua mfereji, ulipanda nami nikakufuata. Nilitegemea utampelekea mwenyekiti jani la sale, maana kwenu anayekuja na sale hanyimwi msamaha. Na kweli ulilikata mpakani mwa kihamba. Ukampita mwenyekiti, ukaenda kupiga goti mbele ya mzee Aloisi, aliyesimama kando kama mgeni kwenye mfongo wa babu yake. "Shikamoo baba. Aliyeandika ni mimi. Umebebeshwa mzigo wangu, unisamehe." Kisha ukainuka, ukamgeukia mwenyekiti: "Kwako wewe sina sale. Nilichoandika ni kweli." Sijapata kumwona mtu jasiri namna ile, na nilijivuna kwamba nimekuja nawe.

Mzee alilipokea jani. Zamu yake wakamrudishia, ya kwenu wakaifunga, mama yako akachota maji kwa ndoo kiangazi chote, wala sikumsikia akikulaumu. Lakini kwa kuwa umeshasema wewe, bibi mmoja naye akasema, kisha jirani yake, mpaka mwenyekiti akaondolewa. Maneno ya Mpita Njia yalikuwa yamesomwa na wengi, wakabishana, wakaenda kulala.

Sasa zamu yetu Chekereni. Maji ya mpunga yanageuzwa kwenda kwenye mashamba ya wakubwa, na majaruba ya baba yamepasuka ardhi, miche yote imekufa. Nimeshaandika habari nzima. Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa na ujanja wako wote, nikajiuliza: wakinikosa mimi, watamkamata nani? Ni Salehe, mlinzi wa lango la maji, baba wa watoto wadogo. Hakuna mwingine anayeona lango likifunguliwa, na kila mtu analijua hilo. Hanijui vizuri, wala hajaniambia neno. Mambo haya nimeyaona kwenye majaruba yetu wenyewe.

Naogopa, Resti. Baba bado anategemea maji yaleyale, na wakubwa wale hawana simile. Ningekuwa na wewe ungenitania kidogo, nikapata nguvu. Sina, basi nalia kidogo, halafu naendelea kuandika.

Pumzika, mwenzangu. Mama yako nitamwangalia, na kaburi halitaota majani tena. Habari ile naipeleka jukwaani kesho, na nakuahidi kwamba chini yake litakaa jina hilihili ninalolitia hapa.

Neema Yakobo,
Chekereni