Fito za Kisogoni

Mwanza, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Robanda, za mahindi, na za jirani yetu mzee Machage? Mimi ni mzima, ila usingizi sina. Kwenye simu unanikatia kila nikitaja upasuaji, kwa hiyo nakuandikia. Barua huwezi kuikata.

Picha ulizopigwa mwezi uliopita nimezitazama pamoja na Dokta Thadeo. Ulipodondoka kutoka juu ya ulingo wa shambani ukifukuza tembo, mfupa wa pili wa shingo ulivunjika, na kichwa kimebaki hakina pa kushikilia. Utawekewa kibati kisogoni, na fito mbili nyembamba za chuma zitashuka kutoka hapo hadi shingoni, skrubu pande zote. Vyuma hivyo mimi ndiye ninayevipanga mezani kila wiki chumba cha upasuaji, navijua. Kitanda chako ni tarehe 19. Kola ya kushikilia shingo usiivue hata ukila.

Binti yako,
Robi

Robanda, 11 Machi 2024

Robi, mama yangu,

Marahaba. Huku hatujambo, hofu kwako wewe usiyelala. Tembo wamerudi mara mbili, wamemaliza upande wa mtoni. Machage analinda peke yake, na Machage akishakaa tu anasinzia.

Fito nazijua, nimejengea nyumba tatu. Fito ikishafungwa haiendi popote. Sasa kuna swali moja unalikwepa: nitageuka? Kola ina joto, naivua nikila.

Baba yako,
Nchagwa

Mwanza, 21 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Juzi nilisimama stendi mpaka basi la mwisho la kutoka Mugumu. Hukushuka. Kitanda amepewa mtu mwingine.

Umeuliza, nakujibu. Shingo hutaigeuza kama zamani, utageuka na mabega. Kuitikia kwa kichwa nako basi. Nilitaka kukuficha nikaona aibu. Lakini ukibaki hivyo, siku bodaboda ikiruka shimo moja tu, mikono na miguu inakufa hapo hapo, au pumzi yenyewe. Naogopa, Baba. Tangu tumzike Mama nimebaki na wewe tu. Kitanda kingine ni tarehe 17 Aprili.

Binti yako,
Robi

Robanda, 2 Aprili 2024

Robi, mama yangu,

Marahaba. Afya ipo, mvua ipo. Maisha yangu yote watu wamelalamika kwamba Nchagwa ana shingo ngumu, leo nyie mnataka kuikaza na skrubu! Nimemsomea Machage, amecheka mpaka akakohoa.

Sikiliza. Mlinzi wa mahindi anayeona mbele tu ni sanamu. Tembo haji kwa mbele. Na kwenye kikao cha wazee, mtu akinisalimia nikakaa wima kama nguzo, watasema Nchagwa ana binti Mwanza, siku hizi anaringa. Niache hivi hivi.

Mkono wa kushoto una ganzi kidogo. Juzi kikombe kilinidondoka. Ni uzee, usijali.

Baba yako,
Nchagwa

Mwanza, 5 Aprili 2024

Nchagwa mwanangu,

Leo sikuamkii. Uliponipa jina la mama yako mzazi ulitangaza mbele ya watu kwamba amerudi. Miaka yote unaniita mama, na nilipokuwa mdogo ulikuwa unaniomba ruhusa kwa utani kabla ya kuuza ng'ombe. Sasa utani umekwisha. Anayeandika ni mama yako.

Huo si uzee. Kikombe kimedondoka kwa sababu mfupa umeanza kubana uti wa mgongo. Baada ya kikombe utadondoka wewe. Wazee wakisema unaringa, waambie mama yako amekukataza kuinama. Na tembo waache wale hayo mahindi. Mahindi nitalima mengine, wewe sitakuzaa tena.

Tarehe 15 panda basi, kiti cha mbele, kola shingoni. Nasubiri shikamoo yangu.

Mama yako,
Robi

Wodini, 17 Aprili 2024, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Muuguzi Tabitha ameniazima kalamu. Nasikia leo hutakiwi kuingia chumba cha upasuaji kwa kuwa wewe ni binti wa mgonjwa. Nimewaambia hawajui ukoo wetu, huyo ni mama. Wamekataa hivyo hivyo.

Juzi kwenye basi sikuthubutu hata kushuka kukojoa, nilihofia kusogea. Na leo naogopa, nikuambie ukweli. Zamani nikiogopa nilikuwa namwambia mama.

Ulipopita mlangoni alfajiri ukajifanya unasoma karatasi, niliinamisha kichwa. Kidogo tu, Tabitha hakuona. Usinigombeze. Ile ilikuwa shikamoo yako. Zinazokuja zitakuwa za mdomo tu.

Mwanao,
Nchagwa

Mwanza, 17 Aprili 2024, saa kumi jioni

Nchagwa mwanangu,

Nilikuona. Sikuinua uso kwa sababu nilikuwa nalia.

Fito zimekaa. Saa tano nzima nilikuwa nje ya mlango, nimehesabu vyuma vyote kichwani, kimoja kimoja, kama vile viko mezani kwangu. Dokta Thadeo amekukuna unyayo, mguu ukauvuta, halafu mkono wa kushoto ukamshika kidole. Bado una usingizi wa dawa. Naandika juu ya kitanda chako, na barua hii utaikuta chini ya kola.

Marahaba, mwanangu.

Sasa amka, Baba, nikuamkie.

Binti yako,
Robi